Mbuzi Waliopitishwa Mara Mbili

Ukiuliza habari za shangazi yangu Nuweja hapa kwetu, utaambiwa ni mjane mwembamba anayeuza shanga ufukweni Nuweiba, pwani ya Sinai, mwenye goti bovu na ulimi mkali. Ni kweli, lakini hayo ni maneno ya mtu aliyemwona juzi. Mimi ni mtoto wa kaka yake, nimemjua tangu nina meno ya utoto, na kama kuna mtu aliyestahili kuyaeleza maisha yake kwa kujivuna, ningekuwa mimi. Haki hiyo niliipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nayaeleza hivyo hivyo kwa aibu, maana yeye hatayaeleza.

Alianza kuchunga mbuzi akiwa na miaka sita. Kwetu mbuzi ni kazi ya wanawake, na kwa sababu hiyo kuna jambo ambalo sisi wanaume hatupendi kulisema mbele za watu: milima hii wanaijua wao kuliko sisi. Mwanamume anajua njia ya ngamia, anajua kisima, anajua mpaka wetu na wa jirani, basi. Mwanamke anajua kila tundu ambalo mbuzi mkorofi anaweza kuingia, maana mbuzi akiingia huko ni yeye atakayetumwa kumtoa. Makorongo yetu si mabonde ya kulima. Ni nyufa katika mwamba, nyingine ukiingia lazima ugeuke ubavu, na jua unaliona saa sita tu. Jembamba kuliko yote linaitwa Dayyiga. Nuweja alikuwa analivuka juu kwa juu, anaruka kutoka ukingo huu hadi ule na mtoto mgongoni, na chini yake pana kina cha watu kumi waliosimamiana mabegani.

Dayyiga alinifundisha yeye. Wageni huwa nawaambia nilifundishwa na babu. Babu yangu alikuwa anauza mkaa, na mahali pembamba palimtia jasho.

Mume wa Nuweja alikufa kwenye barabara ya pwani akiendesha gari la maji. Alimwachia binti mmoja, Hamda, na mbuzi thelathini. Kaka zake, baba yangu akiwemo, walimtafutia mume mwingine, mtu wa makamo mwenye jenereta. Alimkataa. "Nimeshamlea mwanamume mmoja mpaka mwisho," alisema, "sina nguvu ya kuanza na mwingine ambaye tayari ameharibika." Maneno hayo yalizunguka mahema yote, na yule bwana wa jenereta hakutembelea upande wetu kwa muda mrefu.

Mimi nikawa mwongozaji wa wageni. Kazi hiyo kwetu huenda kwa zamu. Sheikh Hilel ana orodha ya majina, na jina lako likifika, wageni waliokuja siku hiyo ni wako, wawe watu wema au wawe balaa. Hakuna kunyang'anyana. Kuwa na zamu ni kuwa mtu: unaitwa ukitajwa, na ukipita watu hukusogezea mto wa kukalia. Nilipenda sana kusogezewa mto.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa kumi, miaka sita iliyopita. Nilipata Wacheki wawili, Jiri na mkewe Lenka, watu wapole wa miaka kama arobaini, waliotaka kuipita Dayyiga kutoka chini hadi juu. Tulipofika mdomoni mwa korongo tulimkuta Nuweja amekaa juu ya jiwe na mbuzi wake wamemzunguka. Waongozaji wenzangu wawili walikuwa kando ya gari wanafunga mizigo.

"Atwa, leo usiingie humo," akasema.

"Kwa nini, shangazi?"

"Mbuzi wamekataa kuteremka tangu alfajiri. Nimewarushia mawe mpaka mkono unaniuma. Na upepo unanuka udongo."

"Kumbe siku hizi mbuzi wanasoma hali ya hewa!" Nilisema kwa sauti ili wale wawili wasikie, na wakacheka. Nikatoa simu. "Tazama hapa. Jua. Jua. Jua. Mpaka Ijumaa."

"Hilo jua la simu ni la wapi? Mvua ikinyesha kule juu uwandani, simu yako ndiyo itakayoyazuia maji?"

"Shangazi, kuna wageni."

"Ndiyo maana nakwambia. Ungekuwa peke yako ningekuacha uende ukaoge. Hayo ni masikio au ni vishikio vya sufuria?"

Wale wawili walicheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Hapo ndipo nilipoharibu. Siwezi kudai sikumwamini. Upepo ule hata mimi niliunusa. Lakini kugeuzwa na mwanamke wa mbuzi, mbele ya waongozaji wenzangu, huku simu iko mkononi, niliona ni aibu isiyobebeka. Sikujua bado aibu ina uzito gani.

Jiri akaniuliza mama yule anasema nini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba anawatakia safari njema. Lenka akampungia mkono na kumshukuru. Nuweja hakupunga. Alinitazama mimi tu, akainuka akaanza kuwapandisha mbuzi ukingoni.

Tulitembea saa nzima bila tatizo. Halafu ukaja upepo wa baridi kutoka mbele, mahali ambapo upepo huwa hautoki, na nyuma yake mlio kama lori linalomwaga mawe mbali. Nikajua. Kila mtoto wa kwetu anajua mlio huo hata kama hajawahi kuusikia.

Hatua thelathini mbele palikuwa na kibao cha mwamba unachoweza kupanda, juu kidogo ya kichwa. Lenka alikuwa mbele yangu, Jiri nyuma. Mwongozaji huwapandisha wageni kwanza. Hili halina mjadala, hata mwongozaji mlevi analijua. Mimi nilimpita Lenka. Ufa ule hauna nafasi ya watu wawili kupishana, kwa hiyo ili nimpite nilimkandamiza ukutani kwa bega langu, nikasikia pumzi inamtoka. Nikapanda. Jiri ndiye aliyemwinua mkewe, kisha akajivuta mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeukumbatia mwamba.

Maji yalikuja ya kahawia, yamebeba vichaka na mawe. Yalipita chini yetu, yakapanda, yakafika kwenye kibao, yakafika magotini. Juu yetu ukingo ulikuwa umemomonyoka, haukuwa mbali, labda kimo cha watu wawili na nusu, lakini ukuta ule ulikuwa laini kama sahani. Nilianza kutoa shahada kwa sauti.

"Atwa! Funga domo ushike hii!"

Kilichoteremka kutoka ukingoni kilikuwa mshipi wa sufi wa Nuweja, ule mrefu ambao wanawake wetu hujifunga kiunoni mizunguko minne, na uliungwa kwa fundo na kitambaa chake cheusi, kile cha kufunika kichwa na uso. Nilinyoosha mkono kukamata. Jiri akaniwekea mkono wake kifuani, kama unavyozuia mlango, akamfunga mkewe kwanza. Nuweja akamvuta. Halafu akamvuta Jiri. Halafu mimi. Jiri alimsaidia kunivuta, sijui kama ningesaidia ningekuwa yeye.

Nilipofika juu nilimwona ameketi mchangani, visigino amevichimbia, mshipi umemzunguka mgongo, viganja vinavuja damu. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kichwa chake kilikuwa wazi, msuko mmoja wa mvi umeangukia begani. Mimi kumwona hivyo si neno, ni shangazi yangu. Lakini Jiri alikuwa mwanamume mgeni, na hapa kwetu hata mashemeji zake hawakuwahi kuuona uso ule. Jiri aligeukia upande wa pili, akavua kofia yake ya kitambaa cha buluu, akaipitisha kwa nyuma bila kutazama. Nuweja akaivaa. Ilimshuka mpaka kwenye nyusi. Lenka alimkumbatia akalia, na Nuweja alimpigapiga mgongoni kama anavyofanya kwa mbuzi anayezaa.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu. Nikamvuta kando.

"Shangazi, hili liishie hapa."

"Lipi?"

"Umevua mbele ya mwanamume. Watu wakisikia watakusema. Na Hamda hajaolewa bado."

"Sasa ulitaka nifanye nini? Nikitunze kitambaa nije niwashonee sanda?"

"Nakwambia kwa ajili ya jina lako."

"Unaogopea jina langu," akaniuliza, "au lako?"

"Lako."

Alinitazama kwa muda chini ya ile kofia. "Haya," akasema. "Wewe ni mtoto wa kaka yangu."

Nikamwomba jambo la pili. Pale mchangani zilikuwepo alama: visigino vyake, mahali alipokaa, mahali tulipoburuzwa. Kwetu mchanga ni gazeti, kila mtu anausoma. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, pale ukingoni pakavu kabisa, hakuna ambacho kingefutika chenyewe. Nikamwomba apitishe mbuzi juu yake. Akawapitisha. Nikatazama, nikaona kisigino kimoja bado kinaonekana, nikamwomba awarudishe tena. Akawarudisha, kwa viganja vile.

Jioni wageni walitaka kuzungumza na Sheikh. Walisimama mbele yake na waongozaji wote wamekaa, na Lenka akasema, machozi yakimlenga, kwamba mama yule mchungaji amewaokoa na kwamba hawajui watamlipa nini. Sheikh akanigeukia nimtafsirie.

"Wanasema nimewaokoa," nikasema. "Wanamshukuru Mungu kwa kuwapa mwongozaji kama mimi."

Sheikh Hilel aliitikia kwa kichwa polepole. Mto ukasogezwa. Lenka, maskini, alinitabasamia akidhani ujumbe umefika. Walirudi kwao kesho yake.

Nikawa Atwa wa Dayyiga. Wageni waliniomba kwa jina. Nilipooa, mkwe wangu alilisimulia tukio hilo mbele ya wageni wa harusi, naye aliongeza nyoka. Nilimwacha aongeze.

Miaka miwili baadaye mvua ilikata. Mbuzi wa Nuweja walikufa wakabaki wanne. Wakati huohuo walianza kuja wanawake wa Kairo, vikundi vya wanawake peke yao, waliotaka kuongozwa na mwanamke. Nuweja akasema: mimi hapa. Akaomba zamu.

Ombi kama hilo halikuwahi kusikika. Sheikh aliita baraza. Sisi tulikaa mbele, yeye alikaa pamoja na Hamda nyuma ya pazia la upande wa wanawake, akazungumza kutoka huko. Alisema maneno machache. Alisema milima anaijua, hana mume, hana kaka anayemlisha (baba yangu alikuwa ameshafariki), na hataki sadaka. Anataka jina lake liandikwe kwenye orodha.

Mzee mmoja akasema, "Kutembea anajua, hatukatai. Lakini siku ya mafuriko? Nani amewahi kuona mwanamke akiwatoa watu Dayyiga maji yakija?"

Sheikh akasema, "Ni swali. Je, yupo mwanamume hapa anayeweza kumshuhudia Nuweja kwamba siku ya maji anaweza kumtoa mgeni?"

Nilikuwa na chai mkononi. Nikaitazama. Ilikuwa na jani moja la mitishamba linazunguka.

"Yupo?" akauliza tena.

Nikanywa. Ilikuwa ya moto, iliniunguza ulimi, na nikafurahi kuwa na sababu ya kutosema.

"Nauliza mara ya tatu. Yupo anayemshuhudia?"

Nuweja alikuwa pale nyuma ya pazia. Angeweza kusema mwenyewe. Angeweza kusema, muulizeni huyo anayekunywa chai. Nilimsikia akikohoa mara moja, kikohozi kidogo cha kusafisha koo cha mtu anayetaka kuanza. Hakuanza. Alikuwa amenipa neno lake kule ukingoni, na neno la Nuweja halina mlango wa nyuma.

"Basi," Sheikh akasema, "mpaka apatikane shahidi."

Akawauza wale mbuzi wanne. Akaanza kutunga shanga na kuziuza ufukweni, kutoka kambi hadi kambi, na kikapu kichwani. Ni kazi ya kufukuzwa. Mtu amelala kwenye mkeka anakupungia mkono bila kufumbua macho, kama anayefukuza nzi, na wewe unasema asante unakwenda kwa mwingine. Siku moja nilikuwa nimekaa na wageni wangu, tunakula samaki, nikamwona anakuja. Nilijiinamia nikatafuta kitu kwenye mfuko. Alipotufikia alipunguza mwendo, akaniona nimejiinamia, akapita bila kunadi chochote. Mmoja wa wageni alikuwa ametaka bangili. Akamwita, naye hakugeuka. Alinipunguzia aibu kwa hasara yake, na mimi nikamaliza samaki.

Goti lilianza mwaka ule. Mchanga wa ufukweni ni laini, unazama, si kama mwamba.

Sasa nifike kwa Mzee Swelim. Huyu ni msoma nyayo wetu. Polisi wenyewe humwita mtu akipotea. Akiona unyayo anakwambia ni mtu wa wapi, amebeba nini, na kama mwanamke ni mjamzito. Mwaka huu, mwezi wa nne, tulikutana kisimani mchana, tunanywesha ngamia.

"Atwa," akasema, "mimi nimezeeka. Kuna kitu kinanisumbua, sitaki kufa nacho."

"Sema, mzee wangu."

"Mbuzi wa Nuweja. Siku ile ya mafuriko. Pale ukingoni walipita, halafu wakarudi. Pale hapana jani hata moja. Mbuzi hapiti mara mbili mahali pasipo na kitu cha kula. Walikuwa wanatafuta nini?"

Kamba ya ndoo ilinitoka mkononi. Nikasema sijui.

"Hata mimi nilishangaa. Nikasema labda wamekuja kusoma hali ya hewa." Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, ukitaka kufuta alama kwa mbuzi, wapitishe kisha uwaendeleze mbele. Ukiwarudisha umeandika barua. Chini ya kwato kulikuwa na visigino vya mwanamke vimezama kiganja kizima. Watu watatu wameburuzwa kifudifudi. Wa tatu alikuwa amevaa viatu vyako."

"Ulikwenda lini?"

"Siku ileile, alasiri. Sheikh alinituma nione kama shangazi yako amepoteza mbuzi. Nikarudi nikamwambia nilichokiona. Halafu jioni wewe ukatafsiri."

Niliketi kwenye ukingo wa kisima. Miaka sita. Mto ule waliokuwa wananisogezea, walikuwa wanamsogezea mtu wanayemjua. Kila nilipowasimulia wageni habari ile kando ya moto, nikionyesha kwa mikono jinsi nilivyovuta, Swelim alikuwa amekaa pale anachochea kuni. Nilitamani yale maji yangenichukua. Nasema hivyo sasa; pale kwenye kibao sikutamani.

Na ijulikane kwamba sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimeshakamatwa. Siku ya tatu nilikwenda barazani, watu wakiwepo, nikasimama nikayatoa yote: nilivyoonywa, bega, Lenka, mshipi, kitambaa, mbuzi, tafsiri. Habari ya bega niliisema nikitazama mkeka. Hakuna aliyenitukana. Ningependa mtu anitukane. Mmoja alinimiminia chai.

"Nilikuuliza mara tatu, Atwa," Sheikh Hilel akasema. "Huwa siulizi mara tatu kwa sababu ya kusahau."

"Kama mlijua, mbona hamkusema nyinyi?"

"Nyayo zinasema mtu alipita wapi. Hatumvunjii mtu uso wake, heshima yake, kwa nyayo. Aliyetolewa majini ulikuwa wewe, na ushahidi ni wa aliyetolewa. Tulikuwa tunakungoja."

Wenzangu walitikisa vichwa kwamba ndivyo. Ni sheria yetu na naijua. Lakini nilipotoka pale nilikuwa na hasira, na si kwangu peke yangu. Walinitunzia uso wangu miaka sita, wazee wenye adabu zao, na adabu ile ililipiwa na mtu mwingine, ufukweni, bangili moja moja. Hasira ikanisaidia hatua mia mbili hivi, kisha ikaisha, nikabaki na mimi.

Zamu alipewa. Jina lake liliandikwa pale pale, la tatu kutoka juu.

Nilikwenda kumwambia. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake ya matofali, goti amelinyoosha juu ya gunia, anatunga shanga, Hamda anakanda unga wa mkate wa kuokwa majivuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa hata nimeyachagua, kama mtu anayejua kijiti atakachochapwa nacho.

"Shangazi, umepata zamu. Jumatatu. Wanawake sita kutoka Kairo."

Uzi ulisimama. "Nani kanishuhudia?"

"Mimi."

Hamda aliacha kukanda. Nuweja alinitazama, na kwa muda mfupi uso wake ulifunguka. Nisingependa mtu mwingine aone jinsi alivyofurahi, na kwa kitu kidogo kiasi gani.

"Umesema kweli? Mbele ya watu?"

"Yote. Na kitambaa."

"Wakasemaje?" Aliegemea mbele. "Yule mzee wa mafuriko alikuwepo? Alishtuka?"

Ningeweza kumpa hilo. Ningesema waliruka, waliangusha vikombe, Sheikh alishika ndevu. Ulimi wangu una mazoezi ya kutosha. Lakini nilimwambia: hawakushtuka. Swelim alisoma siku ileile. Mbuzi waliopitishwa mara mbili ndio waliotusema. Sheikh alijua alipokuwa anauliza, siku ile wewe uko nyuma ya pazia.

Alikaa akilitazama goti lake. Hamda alisema, "Mama," naye akamwonyesha kiganja kwamba subiri.

"Walijua," akasema.

"Walijua, shangazi."

"Basi miaka sita yote nilikuwa namficha nani jambo hili?"

"Mimi."

"Wewe?" akasema, na hakukuwa na ukali wowote. "Wewe ulikuwepo."

Akaokota ushanga mwingine, akautafuta tundu kwa ncha ya sindano, na ilimchukua muda kulipata.